Saloni, barza au anekse: kuchagua chumba cha kushonea nyumbani Lubumbashi

Watu wengi wanaoanza kushonea nyumbani hununua mashini kwanza, kisha ndipo wanazunguka nyumba nzima wakitafuta pa kuiweka. Naona wanaanzia mwisho. Mashini ya kushona, hata ile ya miguu yenye meza yake ya mbao, inataka kama mita moja kwa nusu mita tu; haikosi kona. Kinachokosa kona ni kitambaa. Yadi 6 za kikwembe (kitenge) ni karibu mita 5 na nusu, upana wake kama sentimita 120. Mfarishi wa kitanda cha watu wawili, yaani lile blanketi la tabaka tatu lililoshonwa kwa vipande, unafika mita 2.2 kwa 2.4. Vitu hivyo lazima vilazwe, vipimwe, vikatwe na kupigwa pasi mahali fulani, na mahali hapo ndipo panapoamua kama kazi itatoka imenyooka.

Nyumba ninazozifikiria ni zile tunazoishi hapa Lubumbashi: nyumba ya matofali ya kuchoma kule mitaa ya Katuba au Kenya, saloni (sebule) na vyumba viwili, barza (veranda) mbele, au nyumba ya zamani ya kampuni yenye uwanja mpana na anekse (kijumba cha uani) nyuma. Bibi na mama zetu wengi walifundishwa sindano katika foyer social (vituo vya mafunzo ya wanawake) za Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, wakarudi kushonea katika nyumba za namna hii bila chumba maalumu. Ujuzi walikuwa nao, nafasi ndiyo iliyowabana. Leo tunaweza kujipangia vizuri zaidi bila kuongeza hata tofali moja, mradi tujue kila sehemu ya nyumba inatupa nini na inatudai nini.

Saloni

Uzuri wa saloni ni kwamba iko tayari. Ina prizi (soketi ya umeme), ina dari, sakafu yake inafagilika, na mama anayeshona humo anawasikia watoto uani bila kusimama. Kwa mtu anayefupisha suruali, anayeshonea watoto wake sare za shule, anayegusa mashini Jumamosi baada ya kufua, sioni sababu ya kutafuta kwingine.

Ubaya unajitokeza kazi inapokua. Saloni ni ya wageni, na mgeni wa kwetu haombi ruhusa kabla ya kuja. Akibisha hodi, meza inaondolewa, vipande vinakusanywa, na mpangilio uliokuchukua saa nzima unaishia ndani ya kikapu. Kwa gauni unaweza kuvumilia, maana vipande vyake ni vichache na kila kimoja kina umbo lake. Kwa mfarishi ni hasara: una miraba mia na zaidi yenye umbo moja, uliyoipanga kwa rangi, na ikichanganyika unaanza upya. Halafu kuna harufu. Kikwembe cha mteja kikilala siku tatu kwenye chumba ambacho familia inakula, kinarudi kwa mwenyewe kikinukia samaki wa tomsoni wa kukaanga.

Ukiamua kubaki saloni, upe ukuta mmoja kazi hiyo na usiuchanganye na kingine. Meza ya kukunja ifungwe ukutani kwa bawaba. Chagua mashini ya miguu ambayo kichwa chake kinainamishwa na kuingia ndani ya meza. Ikifungwa inakuwa meza ya kawaida ya kuwekea ua. Na kwa wanaoshona mifarishi, tundika shuka la flaneli ukutani. Vipande vya pamba vinashika kwenye flaneli bila pini, unavipanga na kuvipangua ukiwa umesimama mbali kidogo uone rangi zinavyoitikiana, na mgeni akija unaliviringa shuka pamoja na mpangilio wake wote. Kitu hicho kimoja kinaondoa nusu ya shida ya saloni.

Barza

Barza inaipita saloni kwa mwanga na hewa, na kwa fundi hilo ni jambo zito. Kushona kikwembe cheusi kwa uzi mweusi saa kumi jioni, ndani ya saloni ya dirisha moja, kunaumiza macho. Barzani kazi ileile inaendelea mpaka jua linakaribia kuzama. Mteja anafika, anapimwa, anaondoka bila kupita katikati ya familia. Na gauni lililotundikwa barzani linaleta wateja kuliko kibao chochote cha rangi.

Lakini anayekaa barzani anakaa na hali ya hewa, na ya kwetu ina pande mbili kali. Tangu Mei mpaka Septemba mvua hakuna. Vumbi jekundu linapanda kila gari ikipita, linatua kwenye kitambaa cheupe, linaingia kwenye mashini na kuchanganyika na mafuta, na mchanganyiko huo unakwangua chuma taratibu. Mashini ya barzani wakati wa kiangazi inataka kupigwa brashi chini ya meno yanayosukuma kitambaa na kutiwa mafuta kila siku ya kazi, na mafuta yawe ya mashini ya kushona, yale meupe. Mafuta ya kupikia yanaganda na kukaza kila kitu. Kisha mvua zinaanza, na zikishakolea, Desemba na Januari, upepo unazisukuma mpaka kwenye ukuta wa ndani.

Usiku nao una yake. Kila kitu kinapaswa kuingia ndani, na mashini ya miguu yenye fremu ya chuma kizito ni mzigo wa watu wawili. Kwa mwanamke anayeishi na watoto wadogo, kubeba mashini asubuhi na jioni ni kazi nyingine juu ya kazi, na mara nyingi ndiyo inayomfanya aache.

Ndiyo maana barza iliyofungwa nusu inashinda barza iliyo wazi kwa mbali. Ukuta mfupi wa kufika kiunoni, antivoli (nondo za kuzuia wezi) juu yake, mlango wenye kufuli, na turubai la kuviringwa upande unaopigwa na upepo. Mwanga unabaki, hewa inabaki, mashini inalala pale pale. Mpangaji aongee na mwenye nyumba kwanza, na makubaliano yaandikwe: nani analipa mafundi, gharama zinakatwa kwenye kodi au hapana, na antivoli zinabaki kwa nani siku ya kuhama.

Anekse

Anekse ndiyo pekee inayokupa mlango wa kufunga. Unaacha mfarishi umetandazwa juu ya meza, unafunga, unaenda kupika, kesho unaukuta vilevile. Mtu anayeshona kwa ajili ya kuuza anaijua thamani ya hilo: muda wa kupanga na kupangua unarudi kwenye sindano.

Inavyokuja, hata hivyo, anekse mara nyingi ni chumba kidogo chenye kidirisha kimoja, mabati bila dari, na historia ya kuhifadhia magunia ya makala (mkaa) na unga. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, joto la mabati linashuka kichwani. Mvua ikinyesha humsikii mteja anachosema. Panya wanajua njia ya zamani ya unga.

Haya yote yanatengenezeka, na kwa gharama ndogo kuliko watu wanavyodhani. Anza na rangi nyeupe kwenye kuta zote. Inabadilisha chumba kuliko taa. Toa bati moja la kawaida juu ya pale utakapokatia, weka bati la plastiki linalopitisha mwanga, lakini lisiwe juu ya rafu za vitambaa, maana jua litafuta rangi. Dari ya tripleksi (plaiwudi) inapunguza joto na kelele kwa pamoja. Mashimo ya panya yazibwe kwa sima (saruji) iliyochanganywa na vipande vya chupa.

Jambo ambalo watu wanalipuuza ni waya. Anekse nyingi zinapata umeme kwa ralonji (waya wa kuongezea) nyembamba inayotoka nyumba kubwa, na ralonji hiyo inatosha taa na redio. Pasi ya wati 2000 kwenye volti 220 inavuta ampea 9. Waya mwembamba, tena ukiwa umeviringwa, unapata moto chini ya mzigo huo, na chumba kilichojaa pamba na uzi si mahali pa kujaribu. Fundi wa umeme avute waya wa milimita za mraba 2.5 wenye prizi yake, au pasi ibaki nyumba kubwa.

Kuhusu chumba cha kulala kilichobaki wazi sina mengi: mwenye nacho akitumie, kinashinda vyote vitatu, ila wenye nacho ni wachache. Payoti, kile kibanda cha nyasi uani, ni pazuri kukaa na kushona kwa mkono, kupiga vifungo, kumalizia upindo wa mfarishi mkizungumza. Mashini isikae huko.

Kwa anayetaka kuona pande zote kwa mara moja:

| | Saloni | Barza iliyo wazi | Barza iliyofungwa nusu | Anekse |
|---|---|---|---|---|
| Mwanga wa mchana | wa kati | bora | mzuri | hafifu mpaka utengeneze |
| Kazi kubaki ilivyo usiku | hapana | hapana | ndiyo | ndiyo |
| Pasi ya makala | hapana | ndiyo | ndiyo | nje ya mlango tu |
| Mteja anafikaje | anapita kwa familia | moja kwa moja | moja kwa moja | anavuka uwanja |
| Adui mkubwa | wageni na harufu | vumbi, mvua, wezi | vumbi | panya na joto |

Dirisha litazame wapi

Mafundisho mengi ya Ulaya na Marekani yanasema uketi karibu na dirisha la kaskazini, kwa sababu kwao jua halipiti upande huo. Kwetu, kusini ya ikweta, ushauri huo unageuka. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na nusu kusini, na sehemu kubwa ya mwaka, kiangazi chote kikiwemo, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Dirisha la kusini ndilo linalotoa mwanga uliotulia, usiotupa kivuli kikali juu ya sindano wala kufuta rangi ya kitambaa kilicho rafuni. Tangu mwisho wa Oktoba mpaka katikati ya Februari jua linasogea kidogo kusini ya utosi, lakini hiyo ndiyo miezi ya mawingu. La magharibi ndilo dirisha gumu: jua la alasiri linaingia limelala na kukupiga usoni saa ile ile unapotaka kumaliza. Kama huna lingine, weka rido (pazia) nyeupe nyepesi.

Taa ya LED yenye mwanga mweupe iwekwe mbele upande wa kushoto, karibu na sindano, sio nyuma ya kichwa chako. Ile ya kuchajiwa inakuokoa siku ya delestaji (mgao wa umeme).

Meza: hapa ndipo pa kutumia pesa

Wengi wetu tulijifunza kukata kitambaa chini, juu ya mkeka. Kwa gauni moja kwa wiki inawezekana. Kwa kazi ya kila siku mgongo unadai, na hata mkato wenyewe unaharibika: ukipiga goti juu ya kitambaa unakivuta bila kujua, na mstari unapinda. Vikwembe vyetu vina maua makubwa. Ua likikatwa sentimita 2 chini ya mwenzake, mshono wa katikati ya mgongo unaonekana kutoka upande wa pili wa barabara, na hakuna pasi inayoweza kulificha kosa hilo. Juu ya meza unakunja kikwembe upindo kwa upindo, kinabaki upana wa sentimita 60, unakizunguka pande zote na kulinganisha ua na ua kabla ya makasi kufungua mdomo.

Meza ya kulia chakula inafaa kwa upana, lakini ni fupi. Meza ya kulia ina sentimita 75 hivi kwa kimo, kipimo cha mtu aliyeketi. Anayekata amesimama anataka karibu 90. Jipime mwenyewe: simama wima, kunja mkono, meza iwe sentimita 10 hivi chini ya kiwiko. Tofali moja chini ya kila mguu linafanya kazi hiyo, likitolewa jioni meza inarudi kwa familia.

Nikilinganisha meza ya fundi seremala na mlango wa tripleksi uliolazwa juu ya farasi wawili wa mbao, nachagua mlango. Ni mwepesi, umenyooka, una mita 2 kwa urefu na 80 au 90 kwa upana, na siku ya kuhama unasimama ndani ya kamiyoneti bila kuchukua nafasi. Meza ya seremala ni imara zaidi, lakini ikijengwa kwa mbao mbichi inapinda kiangazi kikikolea, na meza iliyopinda haipimi. Anayeshona mifarishi aunganishe milango miwili. Kwa kitambaa cha sentimita 120 kilichofunguliwa, mmoja hautoshi.

Na meza ya mashini nayo ina siri yake kwa mfarishi. Mtazame mtu anayeshonea tabaka tatu kwenye mashini iliyokaa peke yake. Upande wa kulia ameviringa sehemu ya mfarishi na kuipenyeza chini ya mkono wa mashini. Upande wa kushoto uzito wote unaning'inia sakafuni. Meno ya mashini yanasukuma mbele, uzito unavuta kando. Mshono unaanza wa milimita 3, unakuwa wa 2, unakuwa wa 1, na sindano inainama mpaka inagonga chuma na kuvunjika. Mtu anabadilisha sindano, anakaza uzi, anamwita fundi, wakati mashini haina kosa lolote. Meza ya pili ya kimo kilekile ikiwekwa kushoto, na mashini ikisogezwa ukutani ili nyuma pasianguke kitu, uzito unalala na mshono unarudi kuwa sawa. Kwa hiyo anayepanga chumba cha mifarishi ahesabu mita moja na nusu ya meza kushoto kwa sindano. Saloni nyingi zinashindwa hapo.

Pasi ya makala na pasi ya umeme

Kazi ya nguo inapiga pasi mwanzoni na mwishoni. Kazi ya mfarishi inapiga pasi kila baada ya mshono, kwa sababu mshono wa milimita 6 usiolazwa vizuri unakula kipimo, na vipande kumi vikipotea milimita moja kila kimoja, mstari wako umepungua sentimita nzima. Pasi basi iwe karibu, hatua moja au mbili kutoka kwenye kiti.

Ya umeme ni safi, joto lake linapimika, na inafanya kazi mpaka umeme ukatike. Umeme ukiwa mdogo jioni inachelewa kupata joto. Ya makala haijali delestaji, na uzito wake unalaza kikwembe kigumu vizuri sana. Naipenda kwa hilo. Lakini inataka mbabula (jiko la mkaa) ya kuwashia, inatema cheche na majivu, na moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi inayoua watu ndani ya chumba kilichofungwa. Katika baridi ya Juni na Julai, wakati kila mtu anataka kufunga mlango, hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa. Pasi ya makala haiingii saloni wala ndani ya anekse. Inakaa barzani au nje ya mlango, na kabla ya kugusa kitambaa unapuliza majivu mbali, unapangusa uso wake kwa kitambaa chenye maji, unaijaribu kwenye kipande cha kutupwa.

Mwenye delestaji ya mara kwa mara, na wengi wetu ndio hao, awe na zote mbili. Na hapo barza inapata alama nyingine.

Mashini sasa

Ya miguu, ile nyeusi ya Butterfly na ndugu zake, bado ni chaguo langu la kwanza kwa nyumba zetu. Haitumii umeme, fundi wake yupo karibu na kila soko, mkanda wake wa ngozi unakatwa na kuunganishwa nyumbani, na inatumia sindano za kawaida za bapa upande mmoja: namba 90 kwa kikwembe, 100 kwa tabaka tatu za mfarishi. Inashona mstari mmoja tu ulionyooka, na kwa mfarishi ndicho kinachotakiwa. Nafasi kati ya sindano na nguzo ni ndogo. Mfarishi mkubwa unauviringa vizuri au unaushona kwa sehemu na kuunganisha.

Ya umeme ya nyumbani ni nyepesi, ina zigzagi na tundu za vifungo, inahifadhiwa kabatini. Anayekaa saloni na asiye na nafasi aifikirie hiyo. Mota yake inakula umeme kidogo, mara nyingi chini ya wati 100, kwa hiyo inverta ndogo yenye betri inaiendesha, pasi haiwezi. Ile yenye kioo na vibonye vya elektroniki inaogopa umeme unaopanda na kushuka, na radi za Januari. Bila regilateri (kifaa cha kutuliza umeme) usiinunue. Tahadhari nyingine kwa wanaoletewa mashini na ndugu wa Marekani: ya kule ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 220 inaungua mara moja. Inahitaji transfoma yenye wati zaidi ya za mashini. Iliyotoka Ufaransa au Ubelgiji haina shida hiyo.

Ya viwanda inashona haraka ajabu na ina nafasi pana chini ya mkono, lakini mota yake ya kawaida inakula wati 400 hivi, inatetemesha sakafu na haibebeki. Ni ya mtu mwenye anekse, mwenye umeme wa kuaminika, na mwenye oda za sare za shule au kwaya. Kwa anayeanza, ni mzigo.

Kuhifadhi vitambaa

Sanduku la chuma linazuia panya na mchwa, ila wakati wa mvua linashika unyevu. Liwekwe juu ya matofali, lifunguliwe siku ya jua. Maboksi ya plastiki yanayoonyesha ndani ni bora kwa vipande vya mfarishi kwa sababu unaona rangi bila kufukua. Rafu ya mbao ndiyo nzuri kwa macho na ndiyo chakula cha mchwa. Udongo wetu ni wao, vichuguu vyao ndivyo tunavyofyatulia matofali. Rafu isiguse ukuta wala sakafu, miguu yake isimame ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari.

Kikwembe cha mteja kiwe na mfuko wake wenye jina lake na vipimo vyake, pamoja na kila kipande kilichobaki. Vipande vya mteja ni vya mteja. Ukivitaka kwa mfarishi wako, muombe: "Mama, hivi vidogo naweza kubaki navyo?" Wengi wanakubali kwa furaha. Nyumbani vichome ncha kabla ya kuvichanganya: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu. Pamba yote ifuliwe kabla ya kukatwa, itoe gundi, rangi na kunywea kwake.

Pini zilizoanguka zikusanywe kwa sumaku ya spika iliyokufa. Mahali penye watoto wanaotambaa, kazi hiyo haingoji kesho.

Ningechagua nini

Kwa mama anayeshonea nyumba yake: saloni, mashini ya umeme nyepesi, meza ya kukunja, shuka la flaneli. Asitumie pesa zaidi ya hapo mpaka kazi imlazimishe.

Kwa fundi wa nguo mwenye wateja wa mtaani: barza iliyofungwa nusu, mashini ya miguu, mlango wa tripleksi juu ya farasi, pasi mbili. Pesa ya kwanza iende kwenye antivoli na ukuta mfupi, hata kama mashini yenyewe itakuwa ya mtumba. Nimewaona mafundi wazuri wakibaki na mashini mpya isiyo na pa kulala.

Kwa anayeshona mifarishi, na kwa baridi ya miezi ya kati hapa ni kazi yenye soko: anekse, hata iliyochoka. Mfarishi hauwezi kuishi mahali panapopanguliwa kila jioni. Aipake rangi, aweke bati la mwanga, avute waya mzuri, na pasi ya makala ibaki nje ya mlango.

Kama unatafuta nyumba ya kupanga na kazi hii ndiyo itakayoilipa, nenda kuiangalia saa tisa alasiri ukiwa na mita ya fundi. Pima ukuta mrefu zaidi usio na mlango. Chini ya mita 3 meza mbili hazitakaa. Uliza prizi zinatoka kwenye waya gani. Angalia jua linaingia wapi saa hiyo, na mlango una upana wa kupitisha meza. Halafu inama kwenye pembe za sakafu: ukikuta vijia vya udongo vya mchwa vinapanda ukutani, mwenye nyumba avikwangue na kupiga dawa kabla hujatoa garanti (amana ya nyumba).